Ruzizi: tazama mfereji kwanza

Pale soko la Kadutu, Bukavu, kuna mama ambaye nimekuwa nikinunua mchele kwake miaka mingi sasa. Juu ya meza yake hupanga mafungu mawili. Fungu la kwanza ni mchele mweupe wa punje ndefu, uliovuka bahari ndani ya mifuko, ukashushwa bandarini, ukapakiwa kwenye malori hadi kwetu. Fungu la pili ni mchele wa punje zilizokatikakatika, wenye rangi ya maziwa yaliyolala, na ukiupepeta kwenye ungo hukosi vijiwe viwili vitatu. Huo umetoka Pleni, yaani tambarare ya bonde la Ruzizi, mwendo wa asubuhi moja kutoka hapa. Siku moja nilimwuliza upi mtamu. Hakusita. "Huu wetu," akasema, akichota wa Pleni kwa kiganja. "Lakini ukipata mgeni utanunua ule, baba, asije akang'ata jiwe mbele ya watoto."

Jibu hilo halijaniacha. Mchele uliosafiri nusu ya dunia unaushinda mchele uliolimwa kwa jirani, tena unaushinda kwa jambo dogo tu, usafi wa punje. Na bado kila msimu tunasikia kwenye hotuba na redioni kwamba bonde la Ruzizi ni ghala la Kivu ya Kusini. Nimeshuka Pleni mara nyingi, nina ndugu huko, na kila nikirudi naona kwamba neno hilo ghala linatupoteza. Ghala ni mahali pa kuchukua. Hakuna anayeliuliza ghala limelalaje, limekula nini, nani anaziba paa lake. Tumeizoea Pleni kama mahali pa kuchukua, na kila anayechukua amewahi kabla ya mkulima mwenyewe.

Kwanza mahali penyewe. Sisi wa Bukavu tunasema Pleni bila kuongeza neno, kana kwamba duniani hakuna nyingine. Mto Ruzizi unatoka ziwa Kivu hapa hapa mjini, kwenye kimo cha mita 1,460 hivi, na kuingia ziwa Tanganyika kwenye mita 770 hivi, baada ya safari ya kilomita zipatazo 120. Sehemu kubwa ya mteremko huo inaisha mapema, kwenye makorongo ya kati ya Bukavu na Kamanyola. Ndiyo maana mabwawa ya umeme, Ruzizi I la mwisho wa miaka ya 1950 na Ruzizi II la mwaka 1989, yamejengwa huku juu. Baada ya Kamanyola milima inasogea kando, mto unapunguza mbio na kuanza kujipinda, na upande wetu wa Congo inafunguka tambarare inayofuata barabara ya taifa namba 5: Luvungi, Bwegera, Luberizi, Sange, Runingu, Kiliba, hadi Uvira. Kamanyola yenyewe imo katika teritwari ya Walungu. Kuanzia Luvungi umeingia teritwari ya Uvira. Ng'ambo ya maji ni Rwanda kwa kipande kifupi, halafu Burundi mpaka ziwani.

Anayeteremka kutoka Nyangezi kwa mlima wa Ngomo anajua mwili unavyoipokea Pleni. Juu umevaa koti. Kwenye kona za katikati dereva amenyamaza na abiria wamenyamaza naye. Chini koti limeshakunjwa magotini na joto linakupiga usoni kama umefungua kifuniko cha sufuria. Barabara hiyo ya Ngomo ni mbaya kiasi kwamba kwa miaka wasafiri wengi wa Bukavu kwenda Uvira wamechagua kuvuka mpaka, kupita Rwanda hadi Bugarama, kisha kurudi Congo kwa Kamanyola. Mtu anatoka nchi yake na kuirudia ili afike kwa shangazi yake. Lakini si kila gunia la muhogo linaweza kusafiri hivyo. Mzigo unapokwama, bei ya bugali inapanda Bukavu siku hiyo hiyo.

Kinachotoka huko tunakijua kwa matumbo yetu: mahindi, muhogo mkavu, mpunga, karanga, maharage, nyanya, vitunguu. Mvua ya Pleni ni kidogo kuliko ya milima ya Bushi, na kiangazi chake ni kirefu, kuanzia Juni hadi Septemba na pengine kuzidi. Kwa hiyo mahindi na muhogo vinamtegemea Mungu na mawingu, lakini mpunga unategemea mfereji.

Hapo ndipo wengi wa mjini tunapokosea. Tunadhani mpunga wa Pleni unanyweshwa na Ruzizi. Mto wenyewe umelala chini, ndani ya kingo zake. Kuutoa maji ungehitaji pampu, na pampu inataka mafuta au umeme. Maji yanayofika mashambani yanatoka upande mwingine, magharibi, kwenye vijito na mito inayoshuka kutoka milima ya Mitumba: Luvubu, Luberizi, Sange, Runingu, Kiliba. Inakatiwa njia pale inapotoka mlimani, kwenye banio, na kuanzia hapo mteremko ndio unaofanya kazi. Mfereji mkuu unazaa mifereji midogo, midogo inazaa michirizi, na kila mchirizi una milango yake. Mingine inazibwa kwa ubao, mingine kwa jiwe na matope.

Niliwahi kulala kwa ndugu zangu katika kijiji kimoja cha kati ya Luberizi na Sange wakati miche ya mpunga ilikuwa imetoka kupandikizwa. Saa tisa usiku mwenyeji wangu aliniamsha. Alikuwa ameshika tochi na jembe. Tulitembea kwenye kingo za majaruba, vyura wakinyamaza mbele yetu na kuanza tena nyuma, hadi tukafika penye mlango wa mfereji. Kizuizi kilikuwa kimeondolewa na maji yote yalikuwa yakiingia shamba la juu. Hakugombana na mtu, kwa maana hapakuwa na mtu. Alichimbua matope kwa mikono, akaziba, akakaa juu ya kingo hadi kulipokucha. "Nikiondoka yatarudi kule," alisema. Nilimwuliza kwa nini asishtaki. Akanijibu kwamba shamba la juu ni la mtu mwenye nafasi, hakai kijijini, na anayemlimia ndiye huyo huyo anayetoa amri ya kufungua maji.

Usiku ule nilielewa jambo ambalo nilikuwa sijalipata kwenye ripoti yoyote. Ukitaka kujua nani anatawala Pleni, usianzie ofisini wala kwa mwami, mtawala wa mila. Fuata mfereji kutoka banio hadi shamba la mwisho. Mwenye shamba la kichwani anavuna mara mbili kwa mwaka. Wa katikati anavuna mara moja na nusu, kama mtu anaweza kuvuna nusu. Wa mkiani anapandikiza akiwa na matumaini, mpunga unatoa maua, maji yanakatika, na suke linabaki makapi. Mpunga unaweza kuvumilia mengi, lakini kiu wakati wa kutoa maua hausamehe. Wote hao watatu wanaishi katika bonde lile lile lenye rutuba ile ile.

Na matope? Mito hiyo ya mlimani haileti maji matupu. Miteremko ya juu imekatwa miti kwa ajili ya makaa ya Uvira na ya Bukavu, na kwa ajili ya mashamba ya watu ambao nao hawana kwingine pa kulima. Mvua ikipiga, udongo unashuka na maji na kutulia pale maji yanapopunguza mwendo, yaani ndani ya mfereji. Mfereji uliochimbwa kifuani kwa mtu, baada ya misimu michache unafika magotini. Zamani kazi ya kuuzibua ilikuwa salongo: kila familia ilipimiwa kipande chake kwa hatua, na asiyekuja alitozwa. Salongo bado ipo kwa jina. Lakini mtu wa mkiani atatokaje na jembe kwenda kuzibua mfereji ambao anajua maji yake yataishia kwa mwingine? Uvivu haumo katika hesabu hiyo. Amepiga hesabu na hesabu imemkataa.

Watu wa mradi wamekuja, nisiwanyime haki yao. Benki ya Dunia ilifadhili mradi mkubwa wa PICAGL, ulioidhinishwa mwaka 2016 kwa ajili ya kilimo cha Kivu ya Kusini na Tanganyika, na Pleni ilikuwa kati ya maeneo yake. Mashirika mengine yamepita kabla na baada. Mahali pengi utakuta zege, milango ya chuma, kibao chenye nembo. Tatizo linaanza siku kibao kinapokauka rangi. Mlango wa chuma unakuwa na kufuli, kufuli lina ufunguo, na hakuna aliyeamua kwa uwazi ufunguo ukae kwa nani, kwa mshahara gani, na ajibu kwa nani akiutumia vibaya. Wafadhili hutoa pesa za zege kwa urahisi kuliko za mlinzi wa maji. Zege linapigwa picha.

Kutoa bila kuulizwa si jambo jipya Pleni. Wakoloni Wabelgiji waliweka sheria ya mazao ya lazima Congo nzima mwaka 1917, na huku bondeni lazima hiyo ilikuwa pamba. Wazee wetu walilima pamba wasiyoweza kuila, kwa bei wasiyoipanga, na ukichelewa kupalilia ulikuwa na kesi. Halafu ikaja miwa ya Kiliba. Kiwanda cha sukari cha Kiliba kiliwapa watu wa Uvira mshahara, nyumba, zahanati, mpira wa Jumapili. Vita vya 1996 vilikifunga. Watoto waliozaliwa mwaka ule leo ni wazazi, na hawajawahi kuonja sukari ya Kiliba. Sukari tunayoweka kwenye chai Bukavu inatoka nje, na kiwanda cha sukari cha nchi yetu wenyewe, Kwilu-Ngongo, kiko Kongo ya Kati, upande wa pili wa Congo, mbali kwetu kuliko Dar es Salaam. Mara nyingi nimesikia ahadi ya kufufua Kiliba. Ningefurahi kuiona. Lakini namwuliza kila anayeahidi: miwa nayo inakunywa maji mengi, je, mfereji wa nani utapunguzwa?

Nyuma ya maji kuna ardhi, na hapa mambo ni mazito zaidi. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 ilisema udongo wote ni mali ya dola. Kifungu chake cha 389 kikaahidi kwamba haki za jamii za vijijini juu ya mashamba yao zitapangwa na amri ya rais. Kwa miongo mizima wakulima waliingoja amri hiyo bila kuiona. Katikati ya ahadi na amri, kila mwenye kalamu alipata nafasi. Mwami anagawa kwa mila, ofisi ya ardhi inatoa karatasi kwa sheria, na shamba moja linaweza kuwa na wenyewe wawili wenye haki kila mmoja kwa mlango wake. Anayelima kwa mikono yake mara nyingi si mmoja wao. Anakodi kwa msimu, analipa kwa pesa au kwa magunia, na msimu ujao hana hakika kama atakuwa pale. Mwambie mtu wa namna hiyo apande miti kwenye kingo za mfereji. Atakutazama kwa huruma.

Na anayekodi shamba ana shida nyingine iliyojificha: hana cha kuweka rehani. Mwezi wa njaa ukifika, mtoto akafukuzwa shule au mke akapelekwa kujifungua, anauza mpunga ukiwa bado kijani shambani. Mnunuzi anasimama kwenye kingo, anakadiria kwa macho, anatoa noti. Siku ya kuvuna mnunuzi anakuja na magunia yake mwenyewe. Nimewaona mama waliopandikiza, wakapalilia mara mbili, na watoto wao wakaamia ndege wiki kwa wiki wakipiga makopo na kurusha matope kwa kombeo, kisha siku ya mavuno wakalipwa kama vibarua kwenye shamba lao wenyewe. Sioni aibu kusema kwamba jambo hilo linaniuma kuliko barabara mbovu na kuliko kiwanda kilichofungwa, kwa sababu barabara na kiwanda vitafadhiliwa siku moja, lakini msimu wa mama yule hautarudi.

Mpunga huo wa kijani ndio unaozaa mchele wa vijiwe wa Kadutu. Mnunuzi ana haraka ya pesa zake kurudi, kwa hiyo anavuna mapema au anakausha vibaya. Mpunga unaanikwa kando ya barabara, hata juu ya barabara yenyewe, malori yakipita, na vijiwe vinaingia hapo. Kisha unapelekwa kwenye mashine ndogo ya dizeli isiyo na chujio la mawe. Mpunga mkavu ukikobolewa vizuri, kilo 100 hutoa kilo 60 hadi 65 za mchele. Ulionyauka kwa kukosa maji wakati wa maua, ukakaushwa ovyo, unapasuka ndani ya mashine, na nusu yake inatoka chenga. Kwa hiyo jiwe analoliogopa mama wa Kadutu limeanza safari yake mbali, mlangoni pa mfereji, saa tisa usiku.

Na kwa nini dizeli? Ruzizi inawasha taa za nchi tatu. Ruzizi II ni mali ya pamoja ya Congo, Rwanda na Burundi, na Ruzizi III, ambalo limezungumzwa miaka mingi, limepangwa kuzalisha megawati 206. Nyaya zinapita juu. Chini yake, katika vijiji vingi vya Pleni, mwenye mashine ya kukoboa anabeba dumu la mafuta begani, na gharama ya dumu hilo anaikata kwa mkulima.

Nimefika kwenye ng'ombe, na hapa naandika kwa tahadhari, maana damu imemwagika. Kiangazi kikikausha malisho ya milimani, wafugaji hushuka na mifugo Pleni, penye majani na maji. Ni desturi ya zamani, na ilikuwa na adabu yake: mfugaji alitoa itulo, yaani malipo ya mila, kwa wenye nchi, njia za ng'ombe zilijulikana, na walishuka baada ya mavuno, wakaacha mbolea. Adabu hiyo ilianza kuvunjika pale itulo ilipogeuka ushuru wa kila mwenye bunduki. Mfugaji aliyelipia mara nne njiani anafika bondeni na hasira, akihisi amenunua haki ya kupita popote. Mkulima ambaye hakupata hata senti ya malipo hayo anaamka na kukuta muhogo wake umekanyagwa. Wote wawili wameibiwa na mtu wa tatu, lakini wanaokutana uso kwa uso shambani ni wao.

Juu ya hilo kuna ugomvi wa utawala wa mwami katika shefferi, yaani eneo la utawala wa mila, ya Bonde la Ruzizi, kati ya Warundi na Wafuliiru, ugomvi wenye mizizi ndani ya namna wakoloni walivyochora mipaka ya watawala wa mila. Mwami Floribert Ndabagoye aliuawa Aprili 2012. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, kule Mutarule, watu zaidi ya 30 waliuawa, wakiwemo wanawake na watoto. Wachambuzi huandika ukabila na kufunga daftari. Mimi nasema tutazame pia nani anagawa ardhi, nani anapokea itulo, nani anashika mfereji, kwa sababu kiti cha mwami Pleni hakigombewi kwa ajili ya ngozi ya chui. Anayekikalia ndiye anayesema nani alime wapi.

Najua nitaambiwa: ndugu, unazungumza mifereji wakati watu wanakimbia risasi. Ni kweli. Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa waasi wa M23, siku chache baadaye Kamanyola, na mstari wa vita ukaikata Pleni. Benki za Bukavu zilifungwa. Mfanyabiashara aliyekuwa akishuka na pesa kununua mahindi hakuwa na pa kuzitoa. Familia zilikimbilia Burundi kwa kuvuka Ruzizi, nyingine kwa miguu, katika maji ambayo kila mwaka yanaua. Walinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa walikuwa wameshaondoka: kambi ya Kamanyola ilikabidhiwa kwa polisi wa Congo Februari 2024, ya kwanza kabisa, na kufikia mwisho wa Juni mwaka huo walikuwa wametoka jimboni. Siwezi kumwambia mtu aliyelala porini na watoto kwamba tatizo lake ni matope.

Lakini tuikumbuke historia ya bonde hili bila kujidanganya. Uasi wa 1964 uliwaka hapa. Mobutu aliitukuza vita ya Kamanyola ya mwaka huo hadi akalipa jina hilo kikosi cha jeshi na uwanja wa mpira wa Kinshasa, huku Kamanyola yenyewe ikibaki kituo cha vumbi. Vita vya 1996 vilianzia huku. Katikati ya vita na vita kulikuwa na miaka ya utulivu, mingine mingi, na katika miaka hiyo mfereji haukupata mlinzi, mkodi hakupata mkataba, Kiliba haikupiga king'ora. Amani ilikuja mara kadhaa ikakuta hakuna aliyejiandaa kuipokea. Na hata sasa, katikati ya hofu, watu wanapanda. Mwenyeji wangu yule wa usiku aliniambia kwa simu kwamba wamepandikiza robo ya eneo, lile lililo karibu na nyumba. Robo hiyo nayo inahitaji maji.

Maafa mengine hayangoji bunduki. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika Uvira, ukaua makumi ya watu na kuwaacha maelfu bila nyumba. Ziwa Tanganyika nalo limepanda katika miaka ya karibuni, na 2024 lilimeza nyumba na barabara za pwani. Chanzo cha mafuriko ya mito ni kile kile kinachoziba mifereji: miteremko iliyobaki uchi. Mtu wa Kiliba na mtu wa milima ya juu yake wamefungwa kamba moja, na hawajawahi kukaa kikao kimoja kuhusu maji.

Mara nyingi natazama ng'ambo. Bugarama, upande wa Rwanda, na Imbo, upande wa Burundi, ni bonde hili hili, joto hili hili. Bugarama mpunga unalimwa kwa vyama vya ushirika, na maji yana zamu na mchango. Imbo kuna kampuni ya umma, SRDI, iliyosimamia mpunga kwa miongo. Sisemi kule ni peponi. Mkulima wa bonde lililopangwa na serikali haamui mwenyewe apande nini, na bei inakuja imeshakatwa juu ya kichwa chake. Wanyarwanda na Warundi wa bondeni wana malalamiko yao, nimeyasikia kwa masikio yangu sokoni Kamanyola. Ninachokihusudu ni kimoja tu: mtu wa mkiani anajua siku yake ya maji, na akikosa anajua amlalamikie nani.

Hicho kinawezekana kwetu bila kungoja Kinshasa. Sheria ya kilimo ya Desemba 2011 ilitaka mabaraza ya ushauri wa kilimo, na wakulima ndani yake. Katika vijiji kadhaa zipo kamati za watumiaji wa maji, nyingine hai, nyingine zimebaki muhuri. Ningependa kuona kamati ambayo mwenyekiti wake, kwa kanuni, ni mtu mwenye shamba la mkiani. Huyo maji yakimfikia, yamewafikia wote. Mlinzi wa milango alipwe kwa mpunga wakati wa mavuno, kila jaruba kipimo chake, ili njaa yake ifanane na njaa yao. Daftari la zamu lisomwe hadharani siku ya soko, kwa Kiswahili, wasiojua kusoma wasikie. Anayekodi apewe mkataba wa misimu sita, ulioandikwa mbele ya mashahidi wa kijiji, na mwenye ardhi atapata kwa faida yake mkodi anayetunza udongo. Na sisi wa Bukavu tunaopeleka mitaji huko, tuwape mama wa Pleni mkopo baada ya mavuno kwa dhamana ya magunia yaliyo ndani ya depo, badala ya kuwanunulia mpunga wa kijani. Faida itakuwa ndogo kidogo. Najua wanaofanya biashara hiyo, wengine ni marafiki zangu, tunasali pamoja.

Wiki iliyopita nilipiga simu tena kijijini. Mwenyeji wangu alikuwa kwenye mfereji. Nilisikia majembe nyuma ya sauti yake, na wanawake wakiitana. Walikuwa watu kumi na mmoja, akasema, wote wa mkiani, wameamua kuzibua kuanzia kwao kwenda juu, wakifika kwenye mlango wa yule mwenye shamba kubwa watakaa hapo wamngoje. Nikamwuliza bado umbali gani. Akahesabu kwa sauti, akasema hatua mia nne, na mvua ya Septemba haiko mbali.